Mtaji Uliomo Kiwikoni

Mwaka 1996 jarida moja la besiboli nchini Marekani lilitoa jalada lenye picha ya warushaji wa timu ya taifa iliyokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Atlanta. Mmoja wao alikuwa R. A. Dickey, kijana wa Nashville, Tennessee, ambaye klabu ya Texas Rangers ilikuwa imemteua katika raundi ya kwanza na kumwahidi dola 810,000. Mtu wa idara ya tiba ya klabu hiyo aliitazama picha ile akaona jambo: mkono wa kulia wa Dickey ulining'inia ukiwa umepinda kidogo, tofauti na mikono ya wenzake. Kijana akapimwa. Ikabainika kwamba ndani ya kiwiko chake haimo kano inayoushika mfupa wa juu na wa chini kwa upande wa ndani. Dola 810,000 zikawa dola 75,000.

Mkono wenyewe ulikuwa uleule. Ulikuwa umerusha mpira miaka yote ya chuo kikuu, na kwenye Olimpiki timu yake ilirudi na medali ya shaba. Kilichobadilika ni makadirio ya klabu kuhusu siku ambayo mkono huo ungeharibika. Hapo ndipo ulipo mzizi wa swali zima la maisha ya mrushaji wa kulipwa. Anachokiuza ni kiungo cha mwili wake ambacho kazi yenyewe hukila. Basi inatupasa kuuliza: thamani yake inapanda kwa lipi, inashuka kwa lipi, na kinapokatika, hasara ni ya nani?

Kazi ya sehemu nne za kumi za sekunde

Besiboli ni mchezo wa timu uliofumwa kuzunguka pambano la watu wawili. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, na mpigaji mwenye gongo humngoja mita 18.44 mbele yake. Umbali huo haujaguswa tangu mwaka 1893. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149. Ukirushwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa, unamfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, na ndani ya muda huo inambidi auone, aamue na azungushe gongo. Kazi ya mrushaji ni kuuvuruga uamuzi huo: mara mpira wa kasi, mara wa kupinda, mara unaofanana na wa kasi ilhali unakuja polepole.

Kitendo chenyewe ni cha kikatili kwa mwili. Bega la mrushaji mzima huzunguka kwa zaidi ya digrii 7,000 kwa sekunde, mwendo ulio miongoni mwa ule wa haraka kabisa uliowahi kupimwa kwa binadamu. Mkono ukianza kuja mbele, upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kama unataka kufunguka, na kinachouzuia ni misuli ya kigasha pamoja na ile kano ambayo Dickey hakuzaliwa nayo. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa mkazo wa mrusho mmoja wa nguvu unazidi ule ambao kano peke yake, bila misuli, ingeuhimili. Yaani mrushaji wa ligi kuu hufanya kazi ukingoni mwa uwezo wa mwili, na hurudia karibu mara mia moja jioni moja.

Ndiyo maana kazi hii imegawanywa. Yupo mtangulizi, anayeanza mechi mara moja kila siku tano au sita. Wapo warushaji wa akiba wanaoingia kati. Na yupo mfungaji, anayekuja mwishoni kulinda ushindi. Mfungaji aliyepita wote ni Mariano Rivera wa Panama, mtoto wa mvuvi. Alilinda ushindi mara 652 akiwa na New York Yankees, sana sana kwa mrusho wa aina moja uliokatiza kidogo kando karibu na gongo.

Zamani mgawanyo huo haukuwapo. Cy Young, ambaye tuzo ya mrushaji bora inaitwa kwa jina lake, alicheza kuanzia 1890 hadi 1911, akashinda mechi 511 na kumaliza 749 mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Leo timu zote 30 za ligi kuu zinaweza kucheza msimu mzima na mechi za namna hiyo zisifike 50. Wapo wanaosema vijana wa sasa wamelegea. Hoja hiyo haina miguu. Katika enzi za Young wapigaji wachache sana walikuwa na nguvu ya kuupiga mpira nje ya uwanja, kwa hiyo mrushaji aliweza kujipumzisha huku akicheza na kuitunza nguvu yake kwa dakika za hatari. Wa leo hana mpigaji wa kupumzikia. Kila mrusho ni wa mwisho wa uwezo wake.

Miaka ya nguvu, miaka ya bei rahisi

Njia za kuingia ni mbili. Kijana wa Marekani huteuliwa katika mgao wa kila mwaka, ambao sasa una raundi 20, akitokea sekondari au chuo. Kijana wa Jamhuri ya Dominika au Venezuela husaini akiwa na miaka 16, akalelewa kwenye kambi za klabu. Wote huteremshwa ligi za chini, ambako hupanda ngazi kwa ngazi, wakisafiri kwa basi usiku na kucheza karibu kila siku. Kwa miaka mingi malipo ya huko yalikuwa ya aibu: ngazi ya mwisho kabisa ilianzia dola 4,800 kwa mwaka. Mwaka 2022 wachezaji hao waliingia katika chama cha wafanyakazi, na mkataba wa mwaka 2023 ukaipandisha ngazi hiyo hadi dola 19,800, na ya juu kabisa hadi dola 35,800. Wengi wao hawatakanyaga ligi kuu hata siku moja. Anayefika na kukaa siku 43 tu hupata haki ya pensheni, na ndiyo maana kwa mrushaji wa pembezoni siku ya 44 na siku ya 42 ni maisha mawili tofauti.

Anayefika huanzia kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Ni fedha nyingi, hakuna ubishi. Lakini tazama ratiba. Kwa takriban miaka mitatu ya mwanzo klabu ndiyo inayoamua mshahara, ingawa sasa upo mfuko wa bonasi wa dola milioni 50 kwa mwaka kwa vijana waliong'ara. Miaka mitatu inayofuata kuna usuluhishi wa mshahara. Baada ya miaka sita ya utumishi ndipo anakuwa huru kujiuza sokoni. Aliyeanza na miaka 24 anapata uhuru akiwa na 30.

Miaka 30 ndio umri ambao Sandy Koufax aliiacha kazi. Huyu alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Brooklyn, na misimu yake mitano ya mwisho na klabu ya Dodgers, 1962 hadi 1966, ni kilele ambacho wajuzi bado wanakitumia kama kipimo: ushindi 111 dhidi ya vipigo 34, na wastani wa kufungwa mikimbio (yaani pointi) 1.95 tu kwa kila vipindi tisa vya mchezo. Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na kiwiko kilichokuwa kikiliwa na ugonjwa wa viungo. Alidungwa sindano, akameza vidonge vya maumivu, akachuliwa kwa dawa kali yenye pilipili kabla ya mechi na kuuzamisha mkono kwenye barafu baada yake. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Don Drysdale waligoma kwa pamoja kuripoti kambini hadi waongezwe mshahara. Koufax akapata dola 125,000, akashinda mechi 27, na Novemba akatangaza kwamba basi, kwa kuwa alitaka kubaki na mkono unaofanya kazi katika maisha yaliyosalia.

Mgomo wa wale wawili ulikuwa wa lazima kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kifungu kimoja katika mikataba ya wakati huo kilimpa mwenye klabu haki ya kuendelea kummiliki mchezaji mwaka baada ya mwaka. Curt Flood, ambaye hakuwa mrushaji, alikipinga kifungu hicho hadi Mahakama Kuu ya Marekani akashindwa mwaka 1972. Waliokivunja walikuwa warushaji. Catfish Hunter aliachiwa huru mwaka 1974 baada ya mwajiri wake kukiuka mkataba, na klabu zikamgombania kwa mamilioni. Hapo kila mchezaji akaona bei ya kweli ya kazi yake. Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, warushaji wote wawili, walikuwa huru. Miaka minne baadaye Nolan Ryan akawa wa kwanza kulipwa wastani wa dola milioni moja kwa mwaka. Sishangai kwamba warushaji walikuwa mstari wa mbele. Anayejua kwamba mkono wake unaweza kukatika kesho hana subira na mkataba usio na mwisho.

Kisu cha Daktari Jobe

Julai 1974 Tommy John wa Dodgers alirusha mpira dhidi ya Montreal akahisi mkono wake umeachia. Kano ya kiwiko ilikuwa imekatika. Kabla ya hapo jeraha hilo lilikuwa mwisho wa kazi, na wengi walistaafu na "mkono uliokufa" bila hata kujua jina la walichokuwa wakiugua. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alitoa kano katika mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuipitisha humo kama kamba ya kufungia. Yeye mwenyewe alikadiria nafasi ya kufanikiwa kuwa moja katika mia. John akakosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989. Kati ya mechi 288 alizoshinda, 164 alizishinda na kano ya kupandikizwa.

Upasuaji huo, ambao leo unaitwa kwa jina la mgonjwa badala ya daktari, umeokoa riziki za watu wengi sana. Umezaa pia mazoea mabaya. Kitu kinachotengenezeka hutumiwa bila huruma. Kano ikiwa na spea, klabu haina sababu kubwa ya kumpunguzia kijana kasi, na kijana mwenyewe hana sababu ya kujizuia. Wapo hata wazazi wanaoamini kwamba upasuaji huo humfanya mtoto arushe kwa kasi kuliko awali. Si kweli. Kinachomwongezea nguvu ni mwaka mzima wa mazoezi ya kurejea, ambayo angeweza kuyafanya bila kupasuliwa, na upasuaji wa pili huwa na matumaini madogo kuliko wa kwanza.

Mbio za kasi

Mwaka 2008 mpira wa kasi katika ligi kuu ulikuwa na wastani wa kilomita 147 kwa saa. Kufikia 2024 ulikuwa umekaribia 152. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Uwanjani ndiyo inayomtenganisha mpigaji aliyeuona mpira na aliyeukisia tu. Kamera na rada sasa hupima mzunguko wa mpira, pembe ya mkono na sentimita za kupinda. Maabara binafsi humfundisha kijana wa miaka 15 kuziongeza namba hizo. Na msaka vipaji hulipa kile kinachopimika. Mwaka huohuo wa 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti baada ya kuwahoji watu zaidi ya 200, nayo ilitaja wazi kuisaka kasi, kurusha kwa nguvu zote kila wakati, na watoto kucheza mwaka mzima bila mapumziko. Chama cha wachezaji kilikuwa kimelalamikia pia saa iliyowekwa mwaka 2023 ya kumharakisha mrushaji kati ya mrusho na mrusho. Ligi ikakataa kwamba ndiyo chanzo. Mimi naona saa inaweza kuwa chumvi kwenye kidonda, lakini kidonda kilikuwapo kabla yake.

Japani inatufundisha kwamba ubaya una sura zaidi ya moja. Kule heshima ilikuwa ni kuvumilia. Agosti 1998, katika mashindano ya sekondari ya Koshien, kijana Daisuke Matsuzaka alirusha mara 250 katika mechi moja ya vipindi 17, na siku mbili baadaye akatawala fainali bila wapinzani kupata pigo salama hata moja. Nchi nzima ilimpenda. Boston Red Sox walitoa zaidi ya dola milioni 51 kwa klabu yake kwa ajili ya ruhusa ya kuzungumza naye tu, na nyingine milioni 52 za mshahara wa miaka sita. Mwaka 2011 kiwiko chake kikapasuliwa. Mwaka 2020 Wajapani hatimaye waliwawekea wanafunzi kikomo cha mirusho 500 kwa wiki.

Je, ulinzi unasaidia? Stephen Strasburg alikuwa chaguo la kwanza la mwaka 2009. Mechi yake ya kwanza, Juni 2010, aliwatoa wapigaji 14 bila wao kuupiga mpira. Kufika Septemba alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 2012 klabu yake ya Washington Nationals ilimsimamisha kabla ya mechi za mtoano ili kuutunza mkono, ikalaumiwa vikali timu ilipotolewa. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa fainali, akasaini dola milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya saini hiyo alicheza mechi nane tu. Waliomlinda hawakukosea, kwani bila mapumziko yale huenda mwaka 2019 usingefika. Lakini ulinzi wa msimu mmoja hauwezi kuushinda mtindo wa kurusha unaouchosha mwili kila siku.

Mkataba wa besiboli hulipwa wote hata mchezaji akiumia, na kwa hiyo hasara ya Strasburg iliiangukia klabu. Hapo wenye klabu hulalamika. Wanasahau upande wa pili wa daftari: kwa kila Strasburg mmoja, wako makumi waliokatika katika ligi za chini, au katika mwaka wa tatu kwa mshahara wa kuanzia, kabla soko halijawafikia. Hao hulipiwa hospitali, wakaagwa.

Waliokawia wakafika

Tukitaka kujua nini kinadumu, tuwatazame waliodumu, kwa tahadhari. Nolan Ryan alirusha kwa kasi ya kutisha kwa misimu 27, akawatoa wapigaji 5,714 bila wao kuupiga mpira. Mwili kama wake ni bahati, na bahati haifundishiki. Somo liko kwa wengine. Greg Maddux alishinda mechi 355 kwa kuuweka mpira pale alipotaka badala ya kuupeleka haraka. Jamie Moyer alishinda mechi ya ligi kuu mwaka 2012 akiwa na miaka 49, kwa mipira ya taratibu. Na Satchel Paige, ambaye ubaguzi wa rangi ulimfungia mlango wa ligi kuu hadi 1948, aliingia akiwa na miaka 42 baada ya zaidi ya miaka 20 katika ligi za Weusi, na mwaka 1965, akiwa na 59, akarusha vipindi vitatu bila kufungwa mkimbio. Walichofanana watatu hawa ni kwamba walijua mirusho mingi na hawakuutegemea mmoja.

Turudi kwa Dickey. Alihangaika miaka tisa kati ya ligi za chini na ligi kuu, kasi yake ikipungua, hadi mwaka 2005 alipoambiwa ajifunze nakoboli. Huu ni mrusho wa ajabu: mpira hushikwa kwa ncha za kucha na kuachiwa bila kuzunguka, ukaenda polepole huku hewa ikiuyumbisha hata mrushaji mwenyewe asijue utatua wapi. Hauchoshi kiwiko, ila kuufuga ni kazi ya miaka. Mechi yake ya kwanza kwa mtindo huo, Aprili 2006, wapigaji waliupeleka mpira wake nje ya uwanja mara sita. Akateremshwa tena. Klabu zikampokezana. Wahenga walisema kawia ufike, na yeye alikawia hasa.

Januari 2012, akiwa sasa na New York Mets, Dickey alipanda Mlima Kilimanjaro hadi kileleni ili kuchangisha fedha za kupambana na biashara ya binadamu huko Mumbai. Klabu ilimwandikia kumkumbusha kwamba akiumia mlimani inaweza kuufuta mkataba wake wa zaidi ya dola milioni 4. Barua ile inasema mengi kuhusu kazi hii: hata mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mwili wa mrushaji bado ni mali iliyomo katika vitabu vya mtu mwingine. Alishuka salama. Msimu huo alishinda mechi 20, akapoteza 6, akawatoa wapigaji 230 bila wao kuupiga mpira, akawa mrushaji wa kwanza wa nakoboli kupewa tuzo ya Cy Young. Msimu huo aliucheza akiwa na miaka 37.

Tuwaambie nini vijana?

Swali hili si la Wamarekani peke yao tena. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka 2019 Tayler Scott wa Afrika Kusini akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika ligi kuu. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Umar Male na Ben Serunkuma wa Uganda, na baadaye Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma, Mganda pia. Dar es Salaam ina uwanja wa mchezo huu katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien. Msaka vipaji mwenye rada atafika, kama hajafika.

Akifika, kijana na wazazi wake wajue mambo matatu. Kwanza, rada inapima anachoweza kukitoa leo, haipimi atakachobaki nacho akiwa na miaka 30. Kwa hiyo ajifunze mirusho mingi kabla ya kuisaka kasi. Pili, mkono wa mtoto unahitaji miezi ya kupumzika kila mwaka, na kocha anayekataa hilo hafai, hata awe na jina gani. Tatu, fedha ya kusaini ndiyo pekee iliyo ya uhakika, na kwa wengi ndiyo ya mwisho, kwa hiyo shule isiachwe.

Na wenye ligi nao wana wajibu. Kama miaka ya nguvu ni ile sita ya mwanzo, haki ni kulipa vizuri katika miaka hiyo, badala ya kuahidi mamia ya mamilioni kwa wachache watakaoivuka wakiwa wazima. Kuupunguza muda wa kungojea uhuru kungeigawa hasara kwa wote wanaokula matunda ya mkono huo.

Strasburg, mwenye kano mpya na thamani kamili, alirusha mechi nane kwa dola milioni 245. Dickey, asiye na kano kabisa, aliyekatwa bei kwa sababu ya picha, aliacha mwaka 2017 akikaribia miaka 43, akiwa amerusha zaidi ya vipindi 2,000 katika ligi kuu.